Homa ya Kabati la Tatu

Shangazi alisema kabati la tatu lina homa, na Mzee Peng akasema Shangazi ni mwongo.

Huyo Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa programu iliyokaa kwenye kompyuta ya A-Luan, ghorofa ya saba mjini Taipei, ikichungulia afya ya seva za kampuni zilizopangwa makabatini huko Hsinchu. Kila seva ilikuwa na vipimo vyake vya ndani: vya joto, vya unyevu, vya kasi ya feni, vya umeme unaoingia. Vyote vilimfikia A-Luan bila yeye kunyanyuka kitini. Seva ikipumua vibaya Hsinchu, yeye Taipei alijua kabla chai yake haijapoa. Ndiyo maana ofisi nzima iliiita programu hiyo Shangazi, kwa kuwa ilijua habari za kila nyumba na haikujua kunyamaza.

Jina lake kamili A-Luan lilikuwa Fan Hsiu-luan, na kabla ya kupewa Shangazi alikuwa kwenye dawati la simu. Kampuni yao ilihifadhi kumbukumbu za maduka ya dawa, na duka la dawa likikwama, mwenye duka hupiga simu kutukana. A-Luan alitukanwa kwa Kichina, akatukanwa kwa Kitaiwani, na siku moja mzee mmoja wa Keelung akamtukana kwa Kijapani kabisa. Alifikia hatua ya kusikia mlio wa simu hata akiwa anaoga. Akajifunza ile programu mwenyewe wakati wenzake wanakula mchana, swali hapa, jibu pale, mpaka bosi akachoka kumwona anachungulia na kumpa kiti cha dirishani. Kiti kile alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mchumba wake wa zamani, na hakuona aibu kusema hivyo mbele za watu.

Sasa vuli hiyo mvua ilishika Hsinchu ikakataa kuachia, na kabati la tatu nalo likaanza visa. Kila mchana Shangazi anapiga kelele, mstari mwekundu unapanda, na A-Luan ananyanyua simu kumpigia mlinzi wa chumba cha seva, Mzee Peng Jui-lin, mtu mzima mwenye tumbo dogo na majibu marefu.

"Mjomba Peng, kabati la tatu limepanda tena. Joto mgongoni, na unyevu kama bafuni."

"Ngoja nikaangalie."

Simu ikalazwa mezani. A-Luan akasikia ndara zikiburuzwa, mlango ukifunguka, kisha kimya kirefu kupita kiasi. Mzee akarudi anahema.

"Nimeangalia. Limetulia kama mtoto aliyeshiba. Huyo Shangazi wako ana wazimu."

A-Luan akatazama skrini. Mstari ulikuwa umeanza kushuka taratibu, umevaa sura ya mtu asiye na habari.

"Sasa hivi linashuka, mjomba."

"Si nimekwambia? Hakuna kitu."

"Lakini lilikuwa limepanda."

"Mwanangu, pakiti umebadilisha lini?"

Alimaanisha pakiti ya bisi za nazi iliyokuwa juu ya kabati. Kila kabati lilikuwa na yake, kama ilivyo kwa kila mtu mwenye seva na akili timamu kisiwani, ili mashine ziwe na adabu. Sharti iwe ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo ya uzima, na sharti isiwe imepitwa na tarehe.

"Pakiti ni mpya, mjomba. Nilizituma mwenyewe."

"Za kijani?"

"Nani ataweka ya njano?"

"Nyinyi watoto wa siku hizi mnaweza lolote," akasema Mzee Peng, akakata simu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Bosi Liao akachoka. Bosi Liao alikuwa mtu wa kucheka sana kwenye simu na kuacha kucheka pale pale simu inapokatika. Alimwita A-Luan ofisini, akamwangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyevunja sahani ya mgeni.

"A-Luan, tumetishwa mara ngapi na hii programu? Kila siku moto, moto, moto. Mzee Peng anaingia, haoni moto. Yule yuko pale tangu jengo halina lifti. Akisema hakuna kitu, mimi namwamini nani, yeye au kompyuta?"

"Vipimo haviongopi, bosi. Kuna kitu mle ndani."

"Kitu gani?"

"Bado nakitafuta, bosi."

"Haya, sikiliza," akasema bosi. "Ijumaa nampeleka Bibi Tseng Hsinchu akaone kumbukumbu zake zinakolala." Bibi Tseng ndiye mteja wao mkubwa, mwenye maduka ya dawa kutoka Taoyuan mpaka Miaoli. "Na wewe unakuja. Tutaingia chumbani pamoja. Nikikuta kabati lina tatizo, nitakuomba radhi mbele ya watu. Nikilikuta zima, programu naiondoa, na wewe unarudi kwenye simu. Mmoja wa kule anakwenda kujifungua, kiti kitakuwa wazi."

A-Luan akatoka. Akakaa dirishani, akaipapasa mikono ya kiti, akasikia hasira inapanda hadi masikioni. Kuitwa mjinga angevumilia, ameshaitwa mara nyingi tu. Kuitwa mwongo hapana.

Akaanza kuichunguza mistari ya siku zilizopita, na hapo ndipo alipoona kioja. Siku alizompigia Mzee Peng, mstari ulishuka muda mfupi baada ya simu. Siku aliyokuwa mkutanoni asipate nafasi ya kupiga, mstari ulikaa juu palepale mpaka jioni, umejinyoosha kama paka juani. A-Luan akaegemea nyuma.

"We Shangazi," akaiambia skrini, "homa gani hii inayosikia mlio wa simu?"

Jumatano mchana mstari ulipopanda, hakuwa na papara. Alijimiminia chai, akafungua ukurasa wa feni, akapiga simu ya mkononi ya mzee.

"Mjomba, usiweke simu chini leo. Nenda nayo hadi kwenye kabati, tuzungumze ukiwa pale pale."

"Ya nini? Mtandao wa mle ndani mbaya."

"Tujaribu tu, mjomba wangu."

Neno "mjomba wangu" lilimlainisha kidogo. Ndara zikaburuzwa. Mlango ukafunguka, mvumo wa mashine ukajaa sikioni.

"Nimefika. Hakuna kitu."

"Uko nyuma ya kabati?"

"Niko nyuma. Peupe. Hata panya hayupo."

Sasa, programu ile haikuwa ya kutazama tu. Aliyepewa ruhusa aliweza kuiamuru seva kutoka mbali: izime, iwake, ipepese taa ya buluu ili fundi aione kati ya wenzake, au feni zake zizunguke kwa nguvu zote. A-Luan akachagua seva zote za kabati la tatu, akasukuma feni hadi mwisho.

Mvumo ukageuka mngurumo wa ndege inayoondoka. Nyuma ya mngurumo A-Luan akasikia kitu kikiporomoka chini, kisha vitu vingine laini laini, pu, pu, pu, na Mzee Peng akisema neno la Kihakka, lugha ya kwao, ambalo watu wazima hawalisemi mbele ya watoto.

"Mjomba! Nini hicho?"

Ikaja sauti ya mtu anayejikaza kisabuni.

"Tetemeko."

"Tetemeko la ardhi?"

"Dogo."

A-Luan akaangalia simu ya mezani, chai, kalamu kwenye kikombe. Hakuna kilichotikisika. Na simu za kisiwa kizima, ardhi ikipiga chafya tu, hupiga kelele zote kwa pamoja. Yake ilikuwa kimya.

"Huku hatujalisikia."

"Ni la huku kwetu tu."

"La Hsinchu?"

"La mtaa huu," akasema Mzee Peng, akakata.

A-Luan alicheka mpaka jirani yake akamletea karatasi za kufuta machozi. Lakini alipomaliza kucheka alikumbuka Ijumaa, akaacha.

Alhamisi asubuhi akamwambia bosi anakwenda kuandaa ziara, akapanda treni ya kasi. Mvua ilikuwa inanyesha Hsinchu bila haraka na bila huruma. Mji ule unasifika kwa upepo wake mkavu wa vuli, upepo wa kunyang'anya watu kofia, lakini mwaka huo upepo ulikuwa umegoma. A-Luan alifika amelowa magoti, akapita mapokezi, akagusisha kadi yake mlangoni bila kubisha.

Harufu ndiyo iliyomlaki kwanza, harufu tamu, nzito, ya sukari inayotaka kuungua. Akazunguka kabati la tatu. Nyuma yake, mahali ambapo seva hutoa hewa yao ya moto, kulikuwa na nyungo za mwanzi zimepangwa juu ya vigoda, moja juu ya nyingine hadi usawa wa kifua, na ndani ya kila ungo persimoni zimelala safu kwa safu: yale matunda ya rangi ya machungwa ambayo watu wa Xinpu, mji mdogo wa jirani, huyamenya, huyaanika, na kuyaminya moja moja kwa mkono mpaka yawe bapa na matamu. Katikati ya nyungo alikuwa Mzee Peng kwenye kigoda, miwani puani, anaminya tunda kwa upole kama anamkanda bibi harusi mguu.

Wakatazamana.

"Tetemeko limepita, mjomba?" akauliza A-Luan.

Mzee Peng akaliweka tunda chini. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia hadi kwenye kucha, kwa utomvu ule usiotoka hata kwa sabuni ya vyombo.

"Kumbe ulikuwa wewe," akasema. "Zile feni."

"Mimi. Na wewe ndiye uliyekuwa unazitoa nikipiga simu, na kuzirudisha nikikata."

"Nilizipeleka stoo. Zilikuwa zinaniumiza mgongo, ujue. Kila siku kutoa, kurudisha, kutoa, kurudisha. Wewe na Shangazi wako hamna huruma."

"Mimi ndiye sina huruma?" Hapo A-Luan akamtolea uvivu. "Umenifanya mwongo mbele ya ofisi nzima! Kesho bosi anakuja kuniondoa kitini. Narudi kwenye simu, mjomba, kutukanwa na watu wenye kikohozi, kwa sababu wewe unaanika matunda kwenye mgongo wa seva!"

Mzee akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Sikujua ni mpaka hapo," akasema. "Nilijua watakwambia tu uipunguze kelele."

"Na kwa nini hapa? Kwenu hakuna paa?"

"Paa lipo. Jua ndilo halipo. Upepo haupo. Zimeanza kuota ukungu nyumbani, mama analala hapati usingizi. Hapa kuna nini? Hewa kavu, moto kiasi, feni mchana na usiku. Zinakauka vizuri kuliko juani, lakini usimwambie mama."

"Si mngeacha tu mwaka huu?"

Mzee Peng akacheka kwa uchungu. "Niache na nimeagizwa? Bosi Liao kila mwaka anachukua sanduku za mama awapelekee wateja. Mwaka huu kachukua mara mbili. Nikamwambia bosi, mvua. Akasema, Mzee Peng, wewe hujawahi kuniangusha. Hapo ningesema nini? Nimebakiza kidogo nistaafu."

A-Luan akazitazama nyungo upya. Kwa hiyo homa yote hii alikuwa ameiagiza bosi mwenyewe.

Kabla hajasema neno, simu ya mzee ikalia. Sauti ya bibi mzee sana ikatoka kwa nguvu, maana Mzee Peng alikuwa na tabia ya kuweka spika.

"A-Lin! Upepo upo huko?"

"Upo, mama."

"Usiniambie upo kama haupo."

"Upo, mama. Mzuri. Unavuma sawasawa, haukatiki."

"Basi hilo paa la kampuni ni zuri sana. Wasalimie wenye paa."

Simu ikakatika. A-Luan alikuwa amekuja amejiandaa kumfichua mtu, na alijua angekuwa na haki. Lakini huyo mama wa paa alikuwa amemharibia. Akachukua persimoni moja iliyokwisha kuwa tayari, akaing'ata kwa hasira. Ilikuwa tamu kiasi cha kuudhi. Akamaliza, akalamba vidole.

"Ondoa zote leo," akasema. "Zilizokauka zifunge kwenye sanduku. Ukimaliza, pangusa chumba hiki mpaka kiwe kikavu. Na uniachie ungo mmoja wa mbichi, uuweke stoo."

"Wa nini?"

"Utaona kesho. Na kuanzia leo, mjomba, hapa hapaanikwi tena hata soksi."

"Naapa," akasema Mzee Peng. "Lakini huo ungo mmoja wa nini?"

A-Luan alikuwa ameshafungua mlango. Alimwacha alale na swali lake, maana alistahili kulala nalo.

Ijumaa walifika Bosi Liao na Bibi Tseng chini ya mwavuli mmoja. Bibi Tseng alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu wa maneno, aliyevaa koti la mvua la zambarau. Mzee Peng aliwapokea amevaa viatu vya ngozi, mikono mfukoni. Chumba kilikuwa kinang'aa. Kabati la tatu lilipepesa taa zake za kijani, na pakiti ya kijani juu yake, zote zimetulia kwa adabu ya kanisani. A-Luan alifungua kompyuta yake ndogo kwenye meza ya pembeni: mistari yote chini, hakuna mwekundu hata mmoja.

"Haya!" Bosi Liao akapanua mikono. "Bibi Tseng, unajionea. Kumbukumbu zako zimelala pazuri kuliko mimi. Tulikuwa na programu moja hapa inayotupigia kelele za uongo, leo ndiyo mwisho wake. A-Luan, umeona mwenyewe?"

"Nimeona, bosi," akasema A-Luan. Uso aliukaza. "Kabla hujaiondoa, naomba nikuonyeshe kitu kimoja. Mjomba Peng, niletee ule ungo."

Mzee Peng akageuka rangi ya karatasi. Alikwenda stoo kama mtu anayeitwa kunyongwa, akarudi na ungo wa persimoni mbichi, zimemenywa, zinang'aa utomvu. Bosi Liao akakunja uso. A-Luan akauweka ungo nyuma ya kabati la tatu, karibu kabisa na hewa inapotokea, akarudi kwenye kompyuta.

"Tusubiri kidogo tu."

Wakasubiri. Bibi Tseng alikuwa wa kwanza kuinama kwenye skrini. Mstari wa unyevu ukanyanyua kichwa. Ukajivuta. Joto likaufuata, feni zikaanza kuhema, na Shangazi akapiga kelele yake nyembamba: kabati la tatu, nyuma, unyevu umezidi.

"Kwa matunda tu haya?" akauliza Bibi Tseng.

"Kwa matunda tu hayo. Bosi, kwa majuma haya yote mimi na Mjomba Peng tumekuwa tukimjaribu Shangazi kwa siri. Tulitaka kujua akiwekewa kitu kidogo, kitu ambacho hakuna mtu angekifikiria, ataona? Ameona kila mara. Hata siku moja hajakosa."

Mzee Peng akakohoa. Ilikuwa ama akohoe au aanguke.

"Kwa siri?" akasema bosi. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwenye nyumba akiambiwa, si jaribio tena, bosi. Hata wewe ulisema nionyeshe tatizo. Ndilo hilo, tumeliweka sisi wenyewe."

Bibi Tseng alikuwa tayari amevuta kigoda. "Na wewe ulitaka kuiondoa hii?" akamwuliza Bosi Liao, na sauti yake haikuwa na mwavuli tena. "Kumbukumbu za watu wangu wenye kisukari zimo humu. Programu inasikia tunda moja bichi, wewe unaita kelele?"

"Nilisema kwa mzaha," akasema Bosi Liao upesi.

"Mimi sikucheka."

Kuokoa jahazi, bosi akamtaka Mzee Peng alete zawadi. Sanduku likafunguliwa. Bibi Tseng akang'ata persimoni, akafumba macho, akang'ata tena.

"Mwaka huu zimezidi," akasema. "Mvua yote hii, mmezikaushia wapi?"

Mzee Peng akatazama viatu vyake. Bosi Liao naye alikuwa ameng'ata moja. Alitafuna, akapunguza mwendo, pua yake ikacheza. Akatazama ungo nyuma ya kabati. Akatazama sanduku. Kisha akamtazama Mzee Peng, ambaye wakati huo, kwa bahati mbaya, alikuwa ametoa mikono mfukoni, vidole kumi vya kahawia. A-Luan aliona kabisa jambo likimwingia bosi kichwani na kukaa kitako.

"Kwenye upepo, Bibi," A-Luan akajibu kwa ajili ya wote. "Upepo wa Hsinchu hausifiwi bure. Sivyo, bosi?"

Bosi Liao akameza. Angesema nini? Kwamba zawadi zake za vuli, zilizokwisha kwenda kwa kila mteja mkubwa kwa jina lake, zilikaushwa kwenye matako ya seva za wateja hao hao?

"Ndivyo," akasema. "Upepo."

"Basi niongezee sanduku kumi," akasema Bibi Tseng. "Nina dada watano na wote walafi."

"Umepata," akasema Bosi Liao, maana ulimi wake ulizoea kusema hivyo kabla hajafikiri.

Walipokuwa wakitoka, bosi akabaki nyuma hatua mbili. Alimwambia A-Luan bila kumtazama, "Programu inabaki. Kiti chako kiko pale pale." Halafu, baada ya kufikiri, "Radhi nitaomba Jumatatu." Hakuomba, lakini A-Luan hakumdai. Alitoka nje kwenye mvua akatembea hadi stesheni bila mwavuli, anacheka peke yake.

Jumatatu Mzee Peng alimpigia kutoka Hsinchu. Alianza kwa kuzungukazunguka.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, mjomba."

"Vizuri. Bosi kanijia na habari ya zile sanduku kumi. Nimemwambia mama ana mbichi nyingi tu, kama anataka achukue hivyo hivyo. Kukausha mimi sikaushi, nimeapa. Kaondoka na nyungo zake kwenye gari, kanuna."

"Kazipeleka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Pengine ana paa."

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya A-Luan, na zamu ya Jumapili aliifanyia nyumbani, miguu juu ya kochi, bakuli la tambi magotini na kompyuta kando. Nje mvua ilikuwa inapiga madirisha. Alikuwa amepeleka kijiti mdomoni Shangazi alipopaza sauti. Kabati la tatu. Nyuma. Unyevu umezidi.

Damu ikamchemka. Akampigia Mzee Peng.

"Mjomba, uliapa!"

"Nini tena? Mimi niko Xinpu, namkatia mama kucha." Na kweli nyuma yake kulisikika sauti ya bibi ikiuliza kama ni watu wa paa.

A-Luan akaomba radhi, akakata, akafungua ukurasa wa mlango wa chumba cha seva. Kadi ya mwisho kuingia ilikuwa ya Liao. Mwenye kadi alikuwa hajatoka.

Akaweka bakuli chini. Akanawa mikono, akaifuta vizuri, akakaa sawasawa kama mtu anayetaka kupiga kinanda. Kisha akapiga simu.

"Bosi, samahani kukusumbua Jumapili. Uko wapi?"

"Nyumbani. Napumzika. Kuna nini?" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo ambao A-Luan aliujua kuliko sauti ya mama yake.

"Shangazi anasema kabati la tatu lina homa."

"Achana naye leo. Lazima ni kelele tu."

"Sawa, bosi," akasema A-Luan, akachagua seva zote za kabati la tatu, na akasukuma feni hadi mwisho.

Ndege ikaondoka. Kitu kikaporomoka chini. Kisha vitu laini laini, vingi, kwa muda mrefu, pu, pu, pu, pu.

"Bosi? Nini hicho?"

Mngurumo tu, na mtu anahema.

"Tetemeko," akasema Bosi Liao. "Dogo."

"Pole, bosi," akasema A-Luan. "Shikilia nyungo, naona kuna lingine linakuja."